Makinikia ya Maarifa: Chura Wetu, Maabara Zao

"Utafiti wa vimeng'enya vya ubongo wa chura unamsaidia nini mama anayekaanga vitumbua Mbagala Rangi Tatu?"

Swali hili, kwa sura zake mbalimbali, huulizwa katika vikao vya kupitisha maandiko ya utafiti, katika semina za watumishi wa umma, na siku hizi hata na wanafunzi wenyewe. Anayeliuliza kwa kawaida hutabasamu, kwani anaamini kwamba limekwisha kujijibu. Sikubaliani na tabasamu hilo. Swali ni halali, na mama wa Mbagala ana haki ya kupewa jibu, kwa kuwa kodi yake ni sehemu ya mishahara yetu. Lakini jibu lipo, na likishatolewa hugeuka kuwa shtaka. Taifa linalotangaza kutwa kucha kwamba halitaki tena kusafirisha mali ghafi linaendelea kusafirisha ghafi moja bila aibu yoyote: maswali yanayotokana na viumbe wake. Kisha linanunua majibu ya maswali hayo yakiwa yamefungwa kwenye vichupa, kwa fedha za kigeni.

Jora moja, mikasi miwili

Tumtazame kwanza huyo chura. Katika nyanda za chini za pwani, kuanzia Kenya, kupitia Tanzania hadi Msumbiji, anaishi chura ambaye wanasayansi humwita Xenopus muelleri. Karibu maisha yake yote huyapitisha majini, kwenye madimbwi na mabwawa ya maji yaliyotuama, ya namna ile tunayoiona baada ya masika katika mabonde ya Kizinga na Mzinga upande wa Temeke, au Tegeta na Bunju upande wa Kinondoni. Hana ulimi, ngozi yake inateleza, na vidole vitatu vya kila mguu wake wa nyuma vina kucha nyeusi. Ndugu yake wa kusini mwa Afrika, Xenopus laevis, ni miongoni mwa wanyama waliochunguzwa zaidi katika maabara za dunia.

Mweke chura huyo wa kusini katika beseni jeusi, na baada ya muda ngozi yake itakuwa nyeusi. Mhamishie kwenye beseni jeupe, naye atapauka. Macho huona rangi ya mazingira, ubongo hupokea habari, na amri hutolewa kupitia pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Amri hiyo hutengenezwaje?

Seli za sehemu ya kati ya tezi hiyo hutengeneza protini ndefu iitwayo proopiomelanokotini, ambayo wataalamu, pengine kwa kuchoka kuitamka, huiita POMC. Protini hii ni kitangulizi cha homoni. Ikiwa nzima, haifanyi kazi za homoni zilizomo ndani yake. Ni kama jora la kitambaa lililosimamishwa dukani Kariakoo: ndani yake mna shati, mna suruali, mna sketi, lakini hakuna awezaye kuvaa jora. Anahitajika fundi mwenye mkasi. Mkasi huo ni kimeng'enya.

Vimeng'enya hivi havikati ovyo. Hutafuta alama, ambayo kwa kawaida ni mahali ambapo asidi amino mbili za aina ya lisini au ajinini zimekaa jirani, na hapo ndipo vinapokata. Katika sehemu ya mbele ya pituitari, kimeng'enya kiitwacho PC1 hulikata jora na kutoa homoni ya ACTH, inayoziamuru tezi za adrenali ziuandae mwili kukabiliana na dhiki. Katika sehemu ya kati, kimeng'enya kingine, PC2, huendelea kukata pale mwenzake alipoishia na kutoa alfa-MSH, homoni inayotawanya rangi nyeusi katika ngozi. Jora ni lilelile. Tofauti ya bidhaa inatokana na aina ya mkasi, karakana ulimo mkasi huo, na amri inayoifikia karakana. Chura akiwa kwenye weusi, karakana ya sehemu ya kati hufanya kazi kwa nguvu zake zote. Akiwa kwenye weupe, neva zitokazo ubongoni huituliza.

Hata mkasi wenyewe huhitaji msaidizi. Mwaka 1994, watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walionyesha kwamba protini ndogo iitwayo 7B2 huambatana kwa muda na PC2 ndani ya seli, kama kungwi na mwali, kabla PC2 haijakomaa na kuanza kazi yake. Maabara hiyo ya Uholanzi ilijenga sehemu kubwa ya ujuzi wake juu ya pituitari ya chura wa Afrika. Msomaji aikumbuke sentensi hiyo, kwani nitairudia kwa njia nyingine.

Mkasi uleule mwilini mwetu

Sasa tumrudie mama wa Mbagala. Tuseme ana kaka mwenye kisukari, anayejidunga insulini kila siku. Insulini nayo haizaliwi ikiwa tayari. Mwaka 1967, Donald Steiner wa Chicago alionyesha kwamba huanza ikiwa ndani ya protini ndefu zaidi, proinsulini, ambayo sharti ikatwe. Mwaka huohuo Michel Chrétien alitoa hoja ya namna hiyohiyo kuhusu homoni za pituitari. Kwa zaidi ya miaka 20 wanasayansi wakaitafuta mikasi inayofanya kazi hiyo. Kidokezo kikubwa kilitoka mahali ambapo hakuna kamati ya bajeti ingepafikiria: hamira, ile ile inayoumua vitumbua. Mwaka 1984 jeni la kimeng'enya cha hamira kiitwacho Kex2 lilipatikana, na kwa kufuata sura yake, PC1 na PC2 zikatambuliwa kwa wanyama mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika maabara za Montréal na Chicago. Vimeng'enya hivyo viwili, ambavyo katika pituitari huikata POMC, ndivyo vinavyoikata proinsulini katika kongosho la binadamu.

Viwanda vya insulini vinaiga kanuni hiyo. Vingi hutumia bakteria au hamira kutengeneza kwanza kitangulizi, kisha hukikata kwa vimeng'enya ili kupata dawa kamili. Kwa hiyo kichupa kinachonunuliwa katika duka la dawa pale Tandika kimebeba ndani yake miaka mingi ya maswali ambayo yalipoulizwa hayakuwa na soko.

Kuna mifano mingine. Katika miaka ya 1990 ilibainika kwamba watoto wachache wanaozaliwa na hitilafu katika jeni la POMC, au katika jeni la PC1, hupata njaa isiyoshibishwa na unene uliokithiri tangu utotoni, kwa sababu alfa-MSH ileile inayomtia chura weusi huuambia ubongo wa binadamu kwamba chakula kimetosha. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo setmelanotide kwa wagonjwa wa aina hiyo. Dawa hiyo imeundwa kwa kuiga kazi ya homoni hiyo. Na mwaka huohuo wa 2020, dunia ilipofungwa na korona, ilionekana kwamba miiba ya virusi vile ina alama inayokatwa na furini, kimeng'enya cha ukoo mmoja na PC1 na PC2. Waliokuwa wamekaa miaka 30 wakichunguza mikasi ya homoni waliielewa alama hiyo mara tu walipoiona. Sisi tulisubiri kuelezwa.

Hilo ndilo jibu la swali la mwanzo. Elimu ya vimeng'enya vinavyokata vitangulizi vya homoni inamhusu mama wa Mbagala kupitia kongosho la kaka yake, hamu ya chakula ya mwanawe, na mapafu ya jirani yake. Chura ameingia humo kwa sababu pituitari yake hutii amri iliyo rahisi kutolewa na mtafiti, kubadilisha beseni tu, na matokeo huonekana kwa macho.

Nani hutoa chura, nani hutoa jibu

Sasa nageukia historia, kwa sababu ndiyo inayoumiza.

Mwaka 1927 Mwingereza Lancelot Hogben alifika Cape Town kufundisha zoolojia. Alitaka kujua jinsi pituitari inavyotawala rangi ya chura. Katika majaribio yake aliona kwamba chura jike akidungwa dondoo la pituitari ya ng'ombe hutaga mayai. Wenzake wa Cape Town na London waliliendeleza jambo hilo katika miaka ya 1930, ikathibitika kwamba mkojo wa mama mjamzito ukidungwa kwa chura jike humfanya atage mayai kabla ya siku kuisha. Kipimo cha mimba kilichotumika katika hospitali nyingi za dunia hadi miaka ya 1960 kilitokana na mtu aliyeuliza kwa nini chura hubadilika rangi. Hakuna wizara iliyokiagiza.

Kwa miongo kadhaa vyura wa kusini mwa Afrika wakapakiwa kwa maelfu kwenda Ulaya na Marekani. Kipimo kilipopitwa na wakati, vyura walikuwa wamekwisha kujaa katika maabara, nao wakageuzwa kuwa mnyama wa kuchunguzia ukuaji wa kiinitete, jeni na homoni. Afrika ilitoa chura. Vitabu viliandikwa kwingine.

Hata majina yalikosewa. Maabara za Marekani zilizofanya kazi kubwa ya kulinganisha jeni za vyura hawa ziliripoti kwa miaka kwamba mmoja wa wanyama wao ni Xenopus muelleri, yaani huyu wa pwani yetu. Mwaka 1977 zilitangaza masahihisho: kumbe alikuwa Xenopus borealis, chura wa Kenya, ambaye alielezwa kisayansi mwaka 1936 kutokana na vielelezo vya Marsabit. Fikirini maana yake. Chura wa Marsabit alikaa kwenye majarida makubwa ya dunia akiitwa kwa jina la chura wa pwani, na masahihisho yakasubiri wenye maabara wajikosoe wenyewe. Nairobi na Dar es Salaam hazikuwa mezani.

Na sisi tunao vyura wa ajabu kuliko hao. Mwaka 1905, mwaka uleule vita vya Maji Maji vilipolipuka, Gustav Tornier wa Berlin alimweleza chura wa nyanda zetu za juu za kusini ambaye hatagi mayai majini. Jike huhifadhi mayai tumboni na kuzaa watoto walio vyura kamili, wasiopitia maisha ya viluwiluwi. Babu zetu walikuwa wakipigwa risasi, na vyura wetu walikuwa wakiingizwa katika daftari za makumbusho. Jenasi ya vyura hao leo inaitwa Nectophrynoides, na haipatikani popote duniani isipokuwa Tanzania. Mimba ndani ya chura ni suala la homoni tangu mwanzo hadi mwisho: ipi hukatwa kutoka kwenye kitangulizi kipi, lini, kwa mkasi upi, mpaka mwili ukubali kubeba watoto badala ya kutaga. Hilo ni swali la Kitanzania kama lilivyo swali la Kilimanjaro. Lingepaswa kuwa na dawati lake la kudumu Mlimani, Sokoine na Dodoma.

Mmoja wa ukoo huo Watanzania wote wanamjua, kwa kuwa tulimfanyia mzaha: chura wa Kihansi. Aligunduliwa mwaka 1996 katika utafiti wa mazingira uliomhusisha Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati mradi wa umeme wa megawati 180 ulikwisha kuanza kujengwa. Makazi yake yote duniani yalikuwa sehemu zenye manyunyu ya maporomoko, eneo la takriban hekta 2. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakapungua mno, na mfumo wa mabomba ya kunyunyizia ukawekwa ili kuyaiga. Mwishoni mwa mwaka 2000 karibu vyura 500 walisafirishwa kwenda Marekani. Mwaka 2003 idadi ya waliobaki bondeni ikaporomoka, huku ugonjwa wa ukungu unaoua vyura ukigundulika miongoni mwao. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka katika mazingira yake ya asili. Agosti 2010 vyura 100 walirudishwa kwa ndege kutoka hifadhi za wanyama za Bronx na Toledo hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu mwaka 2012 zikaanza jitihada za kuwarejesha bondeni.

Siwalaumu watu wa Bronx na Toledo. Bila wao asingekuwapo chura wa kurudishwa, na heshima yao wapewe. Wala sisemi umeme wa Kihansi haukuhitajika. Ninachosema ni kwamba chura anayezaa, asiyepatikana kwingine kokote, aliondoka nchini akiwa hai, akatunzwa na kueleweka ugenini, na wengi wetu tulichobaki nacho ni kichekesho cha barazani: kwamba kuna nchi iliyogharimia chura.

Makontena 277 na chupa ndogo

Wengi mnakumbuka Machi 2017. Serikali ya Rais John Magufuli ilipiga marufuku usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wa madini, na makontena 277 yakazuiwa bandarini Dar es Salaam. Nchi nzima ilijifunza neno jipya na kujadili asilimia za dhahabu, shaba na fedha zilizomo mchangani. Hoja ya msingi ilikuwa nyepesi, na ndiyo maana iliwagusa wananchi: anayesafirisha ghafi anasafirisha pia ajira, ujuzi na faida ya kuchakata. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria kuhusu mamlaka ya nchi juu ya maliasili zake. Tafsiri ya maliasili katika sheria hiyo haikuishia kwenye madini. Inataja pia wanyama, mimea, vijidudu na rasilimali za kijenetiki.

Basi nauliza. Tone la tishu ya pituitari ya chura wetu likiondoka kwenye chupa ndogo yenye barafu kavu kwenda kuchunguzwa ng'ambo, si makinikia hayo? Ndani yake mna mfuatano wa jeni, mna vimeng'enya, mna maswali yanayotosha shahada 10 za uzamivu. Ikirudi, inarudi ikiwa makala ambayo maktaba zetu zinalipia ili kuisoma, huku jina la Mtanzania aliyeingia bondeni usiku na tochi likiwa limeshukuriwa kwenye mstari wa mwisho.

Tusijidanganye kwamba suala hili litatatuliwa kwa marufuku. Dhahabu iliyozuiwa hubaki ardhini. Tishu iliyozuiwa huoza. Kizuizi kisicho na maabara nyuma yake ni kufuli kwenye ghala tupu. Hapa ndipo chura anapotufundisha siasa kuliko wanasiasa: thamani ya jora inategemea mkasi. Pituitari yenye POMC tele isiyo na PC2 haitoi alfa-MSH, hata ihutubiwe vipi kuhusu uzalendo. Nchi yenye vyura tele isiyo na watu wenye vifaa, muda na ruhusa ya kuuliza, haitoi maarifa. Na PC2 yenyewe bila 7B2, msaidizi wake asiyeonekana, haikomai. Msaidizi asiyeonekana katika maabara zetu ni fundi sanifu, jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri lenye umeme wa akiba, na karani wa forodha anayejua kwamba kemikali iliyokaa siku tatu kwenye joto la Dar es Salaam imekwisha kufa.

Hoja za upande wa pili

Yapo mapingamizi matatu ambayo nayaheshimu.

La kwanza ni la umaskini: hospitali zinakosa dawa, shule za pembezoni mwa jiji zimejaa watoto kupita kiasi, iweje tuzungumzie ubongo wa chura? Najibu kwamba hakuna anayependekeza kuchukua dawa za wagonjwa. Umoja wa Afrika umezihimiza kwa miaka mingi nchi wanachama zitenge angalau asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti wa aina zote, wa mahindi na wa malaria pamoja na wa chura. Anayeona asilimia 1 kuwa anasa atuambie ni nchi gani iliyotoka kwenye umaskini kwa kununua maarifa ya wengine peke yake. Zaidi ya hayo, nchi isiyo na mtu anayejua jinsi proinsulini inavyokatwa haiwezi hata kujadiliana vizuri bei ya insulini, achilia mbali kuitengeneza.

La pili ni la manufaa ya haraka: tuanze na utafiti wa matumizi, ule wa msingi utafuata. Hoja hii inasikika kuwa ya busara, lakini historia niliyoieleza inaikanusha. Kipimo cha mimba kilitoka kwenye rangi ya chura. Mikasi ya homoni ilipatikana kupitia hamira. Anayeamuru kwamba swali lije na idadi ya ajira anafunga mlango ambao viwanda vingi vya dawa vilipitia. Sikatai tathmini. Nataka andiko la sayansi ya msingi lipimwe kwa maswali ya sayansi ya msingi: je, swali liko wazi, mbinu inatosha, mtafiti ana uwezo?

La tatu husemwa kwa sauti ya chini: kwamba mambo haya yana wenyewe, sisi tumechelewa mno. Hili ndilo linaloniudhi, kwa sababu limevaa nguo ya unyenyekevu kumbe ni uvivu. Anayesema tumechelewa kuhusu Xenopus laevis aniambie amechelewa vipi kuhusu chura asiyepatikana nje ya mipaka yetu. Huko mashindano yanaanzia nyumbani, na mwenye uwanja ni sisi.

Wanasiasa wetu hupenda methali isemayo kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Huitumia kuwanyamazisha wakosoaji. Ni methali nzuri, lakini imetuzoesha kumwona chura kuwa kelele tu. Ng'ombe akinywa maji akaondoka, chura ndiye anayebaki bwawani. Maji yakiwa na sumu, yeye mwenye ngozi nyembamba ni miongoni mwa wa kwanza kuumia.

Lugha nayo ni mkasi

Lipo jambo jingine ambalo wanaharakati wa Kiswahili hulikwepa. Mtoto wa shule ya msingi kule Chamazi hujifunza kwa Kiswahili kwamba chakula humeng'enywa kwa vimeng'enya. Anaelewa, kwa kuwa neno lenyewe linajieleza. Akiingia kidato cha kwanza, neno hilo ananyang'anywa. Anapewa jingine la Kiingereza, ambalo hulikariri hadi mtihani na kulisahau baada ya mtihani. Akifika chuo kikuu na kukutana na kitangulizi cha homoni, hana lugha ya kulifikiria jambo hilo usiku akiwa peke yake. Ana lugha ya kujibia maswali tu.

Mwaka 2021 UNESCO ilitupa tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, nasi huisherehekea kwa ngoma na hotuba. Nitafurahi zaidi siku hiyo ikizinduliwa sura moja ya kitabu cha chuo kikuu, kwa Kiswahili sanifu, inayoeleza jinsi pituitari inavyokata POMC. BAKITA lipo, TATAKI ipo, wanabiolojia wapo. Kinachokosekana ni kuwaketisha chumba kimoja na kuwalipa kwa kazi hiyo. Makala haya yenyewe yameyasema hayo yote kwa Kiswahili, na lugha haikuvunjika.

Tunachodai

Malalamiko yasiyo na madai ni umbea, kwa hiyo nayataja madai yangu.

Kwanza, kila kibali cha kutoa nje sampuli za wanyama kwa ajili ya utafiti kitaje maabara ya Tanzania itakayofanya sehemu ya uchunguzi huo, na mwanafunzi wa Tanzania atakayeshiriki katika uchunguzi wenyewe, si katika ukusanyaji peke yake. COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na TAWIRI zimekwisha kuwa na milango ya vibali. Kinachotakiwa ni kuandika sharti hilo na kulifuatilia.

Pili, vitendanishi vinavyohitaji baridi vipewe saa maalumu za kutolewa uwanja wa ndege na bandarini. Atakayevichelewesha bila sababu awajibike kama anayechelewesha chanjo.

Tatu, sehemu maalumu ya fedha za utafiti, hata iwe ndogo, itengwe kwa maswali ya msingi, na fomu yake isiwe na kisanduku cha idadi ya ajira.

Nne, manispaa za Temeke na Kinondoni ziorodheshe madimbwi na ardhi oevu kabla ya kuruhusu kifusi kumwagwa. Tunafukia mabwawa ili tujenge, kisha mafuriko yanatukumbusha kwamba maji yalikuwa na njia yake. Katika kufukia huko tunazika pia maktaba ambayo hatujaifungua.

Kwenu wanafunzi: msikubali kuchaguliwa mada kwa hofu. Mwalimu akikwambia chura hana soko, mwombe akutajie homoni moja iliyokuwa na soko siku swali lake lilipoulizwa kwa mara ya kwanza.

Na kwako afisa unayeyasoma haya ukiwa kazini: huenda kwenye rundo la mafaili mezani kwako limo andiko la kijana wa Yombo au Tandale anayetaka kujua jinsi ubongo wa chura wa Tanzania unavyokata vitangulizi vya homoni. Lisome. Ukiona mbinu zake ni dhaifu, likatae na umweleze udhaifu huo kwa maandishi. Ukiona zinatosha, lipitishe. Usilirudishe kwa sababu tu limemtaja chura.